Namna ya Kubashiri Uhai wa Mgonjwa wa Limfoma Baada ya Kupandikizwa Seli Shina

Swali ambalo daktari wa magonjwa ya damu huulizwa mara nyingi na ndugu wa mgonjwa, hasa wanapojiandaa kuchangishana fedha za kumpeleka India au kwingineko kwa matibabu, ni fupi: akishapandikizwa, ataishi? Hakuna kipimo kimoja cha maabara kinacholijibu. Kilichopo ni makadirio, nayo hujengwa kutokana na tabia ya ugonjwa, hali ya mwili wa mgonjwa, na kumbukumbu za wagonjwa waliotangulia. Mwongozo huu ni kwa ajili ya daktari, mwanafunzi wa uzamili au mtafiti anayetaka kuyafanya makadirio hayo kwa utaratibu. Unahusu zaidi limfoma (saratani ya chembe nyeupe za damu inayoanzia mara nyingi kwenye tezi) ya seli B kubwa iliyosambaa, ile ifupishwayo DLBCL, iliyorejea baada ya tiba ya kwanza, na upandikizaji unaotumia seli shina za mgonjwa mwenyewe. Limfoma ya Hodgkin na upandikizaji wa seli za mchangiaji vitaguswa pale vinapobadilisha hesabu.

Amua kwanza hesabu inaanzia wapi

Makosa mengi ya ubashiri huu hayatokani na fomula. Yanatokana na kutouliza maswali mawili kabla ya kushika kikokotoo: tunahesabu kuanzia siku gani, na miongoni mwa wagonjwa gani? Ripoti nyingi huhesabu uhai tangu siku seli shina zinaporudishwa mwilini. Mgonjwa aliyeifikia siku hiyo amekwisha kuchujwa mara kadhaa: ugonjwa wake umeitikia dawa za uokozi (zile anazopewa ugonjwa ukirudi, ili kuusinyaza kabla ya kupandikizwa), moyo na mapafu yake yameonekana kumudu tiba ya dozi kubwa, seli shina za kutosha zimevunwa (kwa kawaida si chini ya milioni 2 zenye alama ya CD34 kwa kila kilo ya uzito), na aghalabu mtu wa kulipa gharama amepatikana. Kumpa mgonjwa ambaye ugonjwa wake umerudi wiki iliyopita takwimu za kundi hilo lililochujwa ni kumpa matumaini ya watu wengine.

Jaribio la PARMA linaonyesha jambo hili waziwazi. Ndilo lililoufanya upandikizaji wa seli za mgonjwa mwenyewe kuwa tiba ya kawaida kwa limfoma kali iliyorejea, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1995. Wagonjwa 215 waliandikishwa na kupewa duru mbili za DHAP, mchanganyiko mmoja wa dawa za uokozi, lakini walioitikia na kugawanywa kwa bahati nasibu walikuwa 109 tu. Baada ya miaka 5, 53% ya waliopangiwa kupandikizwa walikuwa hai, ikilinganishwa na 32% ya walioendelea na dawa pamoja na mnururisho bila kupandikizwa. Ile 53% ni ya nusu iliyoitikia dawa. Si ya wale 215. Jaribio la ZUMA-7, lililotangazwa mwishoni mwa 2021, lilichukua wagonjwa ambao ugonjwa haukuisha kwa tiba ya kwanza au uliorudi ndani ya miezi 12. Katika kundi lililopangiwa njia ya kawaida, yaani dawa za uokozi kisha upandikizaji, ni 36% tu waliofika kwenye upandikizaji wenyewe.

Kwa hiyo andika juu ya karatasi yako, kabla ya tarakimu yoyote, unajibu swali lipi kati ya haya: uwezekano wa mgonjwa kuishi tangu leo ugonjwa uliporudi; tangu alipoonekana kuitikia dawa za uokozi; au tangu siku ya kurudishiwa seli. Majibu matatu yatatofautiana sana kwa mtu yule yule, na yote matatu yanaweza kuwa sahihi.

Viashiria vya ugonjwa, kwa uzito wake

Uitikiaji wa dawa za uokozi ndicho kiashiria kizito kuliko vingine vyote, na ningeanza nacho hata pale faili linapokuwa na vipimo vingi vya kisasa zaidi. Ugonjwa ambao haukusinyaa kwa R-DHAP au R-ICE (michanganyiko ya dawa za uokozi, R ikiwa rituximab, kingamwili inayolenga seli B) mara chache hushindwa na BEAM, yaani mchanganyiko wa karmustini, etoposidi, sitarabini na melfalani unaotangulia urudishaji wa seli, kwa sababu zote hizo hutegemea seli ya saratani iwe bado inaweza kuuawa na dawa za aina hiyo.

Uitikiaji hupimwa kwa picha ya PET na kusomwa kwa ngazi tano za Deauville. Ngazi ya 1 ni pale ambapo hakuna mng'ao wowote. Ya 2, mng'ao haupiti ule wa damu iliyo katikati ya kifua. Ya 3, unaupita huo lakini haupiti ule wa ini. Ya 4, unaupita wa ini kwa kiasi. Na ya 5, unaupita kwa mbali au kuna vidonda vipya. Ngazi ya 1 hadi ya 3 kwa kawaida huhesabiwa kuwa ugonjwa umetoweka. Mwenye 4 au 5 kabla ya kupandikizwa hubashiriwa vibaya zaidi, lakini usikimbilie hitimisho. PET haitambui saratani. Hutambua seli zinazokula sukari kwa pupa, na kifua kikuu hung'aa vilevile. Katika nchi zetu, ambako kifua kikuu ni jambo la kila wiki wodini, tezi inayong'aa kwa mgonjwa aliyedhaniwa amepona ikatwe kipande kidogo kikapimwe maabara kabla ya kuitwa limfoma. Angalia pia tarehe: kipimo kilichofanywa siku chache baada ya dozi ya dawa, au kabla mwili haujatulia baada ya mnururisho, hakisomeki kwa uhakika. Pale PET isipopatikana, picha ya CT itakuonyesha ukubwa wa uvimbe lakini haitakuambia kama uliobaki ni kovu au ugonjwa hai, na upungufu huo uandikwe ndani ya makadirio, usifichwe.

Kinachofuata kwa uzito ni muda uliopita kabla ugonjwa haujarudi. Jaribio la CORAL, lililochapishwa mwaka 2010, lililinganisha R-ICE na R-DHAP kwa wagonjwa 396 na halikuona tofauti ya maana kati ya mchanganyiko mmoja na mwingine. Kilicholeta tofauti ni historia ambayo mgonjwa alikuja nayo. Miongoni mwa waliorejewa na ugonjwa kabla ya miezi 12 tangu utambuzi, 20% tu walikuwa hawajapatwa na tukio lolote baya (ugonjwa kuendelea au kurudi, kuhitaji tiba mpya, au kifo) baada ya miaka 3; miongoni mwa waliorejewa baadaye walikuwa 45%. Jaribio hilo hilo lilionyesha 21% kwa waliokwisha kutumia rituximab katika tiba ya kwanza na 47% kwa wasiowahi kuitumia. Tofauti hii ya pili isomwe kwa makini. Palipo na rituximab, karibu kila mgonjwa wa leo yumo katika kundi la kwanza, ila mgonjwa aliyetibiwa kwa CHOP (dawa za kawaida za tiba ya kwanza) peke yake, bila rituximab, kwa kukosa fedha, naye yupo, hawezi kuwekwa humo kwa mazoea.

Cha tatu ni kielezo cha kimataifa cha ubashiri kilichorekebishwa kwa umri, ambacho wakati wa ugonjwa kurudi hutumia mambo matatu: ugonjwa ulioenea hadi hatua ya III au IV, kimeng'enya cha LDH katika damu kupita kiwango cha kawaida, na mgonjwa kushindwa shughuli zake za kawaida. Kila moja hupewa alama 1. Katika CORAL, wenye alama 0 au 1 waliofika miaka 3 bila tukio walikuwa 40%, na wenye 2 au 3 walikuwa 18%. Alama hizi zihesabiwe upya siku ugonjwa uliporudi. Mara nyingi hunakiliwa kutoka ukurasa wa kwanza wa faili, ambako kuna kielezo cha siku ya utambuzi, na hapo makadirio yote yanakuwa ya mgonjwa wa miaka miwili iliyopita.

Baiolojia ya uvimbe huja baada ya hapo. Limfoma yenye mabadiliko ya jeni za MYC na BCL2 kwa pamoja hufanya vibaya hata ikionekana kuitikia dawa, na kwa mgonjwa huyo makadirio yaliyotokana na CORAL yashushwe. Kama maabara haina uwezo wa kupima jeni hizo, sema hivyo kwenye ripoti.

Kwa limfoma ya Hodgkin, usitumie viashiria hivi kama vilivyo. Jaribio la AETHERA, la mwaka 2015, liliwachagua wagonjwa wa hatari kwa moja kati ya mambo haya: ugonjwa kutoisha kwa tiba ya kwanza, kurudi kabla ya miezi 12, au kurudi ukiwa nje ya tezi. Liliwapa nusu yao dawa iitwayo brentuximab vedotin baada ya kupandikizwa, na muda wa kati wa kuishi bila ugonjwa kuendelea ulikuwa miezi 42.9, dhidi ya 24.1 kwa waliopewa dawa bandia. Kwa hiyo makadirio ya Hodgkin hayakamiliki bila kujua kama dawa hiyo itapatikana baada ya upandikizaji.

Neno moja kuhusu VVU, kwa kuwa bado wapo wanaoamini kwamba maambukizi yenyewe yanamwondoa mgonjwa kwenye orodha. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia watu 40 wenye VVU na limfoma waliopandikizwa seli zao wenyewe. Baada ya mwaka mmoja 87.3% walikuwa hai, kiwango kilichokaribiana sana na cha wagonjwa wasio na VVU waliolinganishwa nao. Mgonjwa anayemeza dawa za kufubaza virusi na ambaye virusi vyake vimedhibitiwa ahesabiwe kwa limfoma yake.

Mwili utakaobeba tiba

Sehemu ya pili ya ubashiri ni uwezekano wa kufa kutokana na tiba yenyewe huku limfoma ikiwa imenyamaza. Kwa seli za mgonjwa mwenyewe, katika vituo vyenye uzoefu, vifo hivyo kwa kawaida havizidi 5%. Kwa seli za mchangiaji ni vingi zaidi, kwa sababu ya maambukizi na ya seli ngeni kuushambulia mwili uliozipokea.

Chombo kinachotumika zaidi ni HCT-CI, kielezo cha magonjwa ambatani kilichochapishwa mwaka 2005. Katika kundi lililotumika kukithibitisha, vifo visivyotokana na kurudi kwa ugonjwa vilifika 14% ndani ya miaka 2 kwa wenye alama 0, 21% kwa wenye 1 au 2, na 41% kwa wenye 3 au zaidi. Takwimu hizo ni za waliopokea seli za mchangiaji, hivyo kwa seli za mgonjwa mwenyewe tumia kielezo hiki kupanga wagonjwa kwa daraja la hatari, wala usizichukue asilimia zake.

Tuchukue mfano wa kubuni: mama wa miaka 54 mwenye kisukari anachokidhibiti kwa vidonge (alama 1), uzito wa kupindukia wenye BMI ya 36 (alama 1), na sonona anayoitibu (alama 1). Amefika 3 kabla hatujagusa mapafu, na tukitumia toleo la baadaye linaloongeza alama 1 kwa waliofikisha miaka 40, amefika 4. Sasa inakuja karatasi ya mapafu inayosema kwamba uwezo wa kupitisha gesi, DLCO, ni 62%. Kiwango cha 65% au chini huhesabiwa kuwa tatizo kubwa na huongeza alama 3; kati ya 66% na 80% huongeza 2. Lakini hemoglobini yake ni 8, na upungufu wa damu huishusha DLCO hata mapafu yakiwa mazima, kwa sababu gesi inayopimwa hubebwa na damu hiyo hiyo. Kielezo kinataka DLCO iliyorekebishwa kwa hemoglobini. Ikirekebishwa inaweza kuvuka 80% na alama zote 3 zikaanguka. Mtu anaweza kunyimwa upandikizaji kwa sababu ya hesabu hii moja tu kutofanywa, ndiyo maana nimeirefusha.

Kutoka kwenye orodha ya wagonjwa hadi uwezekano

Kituo chenye kumbukumbu zake kinaweza kuacha kutegemea takwimu za ng'ambo peke yake. Njia ya msingi ni ya Kaplan na Meier, ya mwaka 1958, na inafaa kuifanya kwa mkono mara moja kabla ya kuiachia programu ya kompyuta.

Tuseme wagonjwa 10 wamepandikizwa. Mmoja anafariki mwezi wa 3: kati ya 10 wamebaki 9, uwezekano wa kuishi ni 0.90. Mwingine anafariki mwezi wa 7: 0.90 mara 8/9, yaani 0.80. Mwezi wa 10 mmoja anahamia mkoa mwingine na simu yake haipatikani tena. Hatuna taarifa ya kifo chake, wala hatuwezi kumwita hai milele, kwa hiyo tunamtoa kwenye idadi ya wanaofuatiliwa bila kuushusha uwezekano. Mwezi wa 14 anafariki mmoja kati ya 7: 0.80 mara 6/7, yaani 0.69. Mwezi wa 20 wawili wanafikia mwisho wa ufuatiliaji wao wakiwa hai, wanabaki 4. Mwezi wa 26 anafariki mmoja kati ya hao 4: 0.69 mara 3/4, na jibu ni karibu 0.51. Watatu waliobaki wako hai mwezi wa 36.

Anayehesabu kwa haraka atasema wamekufa 4 kati ya 10, kwa hiyo 60% wamepona. Anayewafuta wale watatu waliotoka katikati atapata 3 kati ya 7, yaani 43%. Zote mbili si sahihi. Tazama pia kwamba kifo kimoja mwezi wa 26 kimeshusha mstari kutoka 0.69 hadi 0.51, kwa sababu waliobaki ni wachache mno. Mkia wa mchoro wa namna hii usitumike kumwahidi mtu chochote. Na njia nzima inasimama juu ya sharti kwamba waliopotea hawatofautiani kihatari na waliobaki. Aliyeacha kliniki kwa sababu nauli imekwisha au amezidiwa kitandani hatimizi sharti hilo, na suluhisho lake si la kitakwimu: ni kuandika namba za simu za ndugu wawili au watatu siku ya kwanza, na kuzipiga.

Ukitaka kujua uwezekano wa ugonjwa kurudi, si wa kufa kwa ujumla, Kaplan na Meier hawatoshi, hasa kwa seli za mchangiaji. Mtu aliyekufa kwa maambukizi siku ya 60 hawezi tena kurejewa na limfoma. Ukimtoa kama aliyehama mkoa utakuza hatari ya kurejewa kuliko ilivyo. Hapo hutumika hesabu ya matukio shindani, na modeli ya Fine na Gray ya mwaka 1999 ndiyo inayozoeleka.

Kuunganisha viashiria vingi kwa pamoja hufanywa kwa modeli ya Cox. Kanuni ya zamani ya matukio 10 kwa kila kiashiria ni ya kukadiria tu, lakini inamzuia mtafiti mwenye vifo 25 asiingize viashiria 12 na kutoka na modeli inayowajua wagonjwa wake tu na kushindwa kwa wa jirani. Modeli ijaribiwe kwa wagonjwa ambao haikuwahi kuwaona, na ipimwe kwa mambo mawili tofauti. La kwanza ni kama inawapanga vizuri, anayekufa mapema akipata hatari kubwa kuliko anayeishi. La pili ni kama asilimia zake ni za kweli: kati ya wale iliowapa 60%, je, karibu 60% waliishi? Makala nyingi huonyesha la kwanza na kunyamazia la pili, ilhali mgonjwa aliyeko mbele yako anahitaji la pili.

Usilinganishe waliopata dawa za kudumisha baada ya upandikizaji na wasiozipata kwa kuhesabu wote tangu siku ya upandikizaji. Aliyezipata mwezi wa 3 ilimlazimu kwanza awe hai hadi mwezi wa 3, na faida hiyo si ya dawa. Anza hesabu ya makundi yote mwezi wa 3, kwa waliokuwa hai siku hiyo.

Takwimu huzeeka

Katika ZUMA-7, waliopewa seli T zao wenyewe zilizorekebishwa kijenetiki kushambulia limfoma, tiba iitwayo CAR-T, walikaa muda wa kati wa miezi 8.3 bila tukio, dhidi ya miezi 2.0 kwa walioelekezwa kwenye upandikizaji. Palipo na tiba hiyo, mgonjwa aliyerejewa mapema hapelekwi tena kwenye upandikizaji kwanza, na wanaopandikizwa ni wale wenye ugonjwa uliochelewa kurudi na kuitikia dawa. Palipo mbali na tiba hiyo, kundi la zamani bado lipo. Kabla ya kuazima mchoro wowote, soma wagonjwa wake walitibiwa kati ya mwaka gani na upi, na waliporejewa tena baada ya kupandikizwa walikuwa na nini kingine cha kutumia.

Kulitamka jibu, na kulirudia

Asilimia moja kavu haimfai mgonjwa wala ndugu zake. Mpe kipindi, kundi na mipaka: "Mzee, tukichukua watu kumi ambao ugonjwa wao ulikaa zaidi ya mwaka ndipo ukarudi kama wako, ukaitikia dawa kama wako, karibu watano tunatarajia wawe hai baada ya miaka mitano. Wanaweza kuwa wanne, wanaweza kuwa sita. Siwezi kukuambia wewe uko upande gani." Kama anataka kujua kidogo, mwambie kidogo, na kama mwanawe mkubwa ndiye anayeuliza korido, mwombe mzee ruhusa kwanza.

Jibu hilo liandikwe kwenye faili pamoja na tarehe, kwa sababu litabadilika. Makadirio yarudiwe karibu na siku ya 100, kwa PET mpya na kwa kuangalia kama chembe za damu zimerudi, kisha tena baada ya mwaka na baada ya miaka 2. Limfoma kali inayorudi baada ya upandikizaji hurudi mara nyingi ndani ya miaka 2 ya kwanza, hivyo aliyeivuka bila ugonjwa anastahili makadirio yanayoanza siku hiyo, ambayo ni mazuri kuliko aliyopewa mwanzoni. Kuanzia hapo hatari iliyobaki inahama polepole kutoka kwenye limfoma kwenda kwenye saratani nyingine, ikiwemo ya damu inayosababishwa na dawa zenyewe, na kwenye moyo wa aliyepewa doksorubisini (mojawapo ya dawa za CHOP) nyingi. Mgonjwa huyo aendelee kupimwa picha kamili ya damu na shinikizo kila ziara, na apimwe moyo kwa ekokadiografia kila inapohitajika, hata kama hana dalili yoyote.